Mwali Aliyejibu

"Mwambie basi. Mwambie."

Maneno hayo yalimtoka Mwanasaumu binti Boga kwa sauti, katikati ya feri ya Likoni, asubuhi ya watu tele, amesimama baina ya mwanamke mwenye tenga la kuku na mzee wa mkokoteni aliyekuwa akijipangusa jasho. Watu wakageuka. Kijana mmoja aliyeegemea kingo za feri, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, suruali ya kaki, kalamu mbili mfukoni, naye akageuka, akatazama kushoto na kulia kumtafuta huyo aliyeamrishwa.

"Nimwambie nani, dada?"

Mwanasaumu akakumbuka alipo. Akashusha kitabu, akavuta buibui lake usoni likabaki jicho moja, na hilo moja lilikuwa limejaa haya.

"Sikukwambia wewe. Niwie radhi."

"Basi ulimwambia nani? Huyu mama wa kuku?"

"Msichana wa kitabuni."

"Naye kafanya nini hata agombezwe mapema hivi?"

Mwingine angejibu "hakufanya kitu" akageuka kuangalia maji. Lakini Mwanasaumu alikuwa na ugonjwa mpya, na mgonjwa hupenda sana kuulizwa habari za ugonjwa wake.

"Kuna bwana anampenda, naye ampenda. Moyoni yuamwambia usiende, usiende, kurasa mbili nzima. Mdomoni anamwambia, chukua mwavuli, mvua inakuja. Bwana wa watu anachukua mwavuli, anakwenda zake."

"Akarudi?"

"Sijui. Umenikatiza."

Kijana akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, hilo lazima lisemwe. Alijitaja kuwa ni Mwidani, karani wa Kipevu, kazi yake kuhesabu mizigo inayoshuka melini. Kisha akasema, kwa ule ukarimu wa mtu anayezungumzia jambo lisilomhusu, "Ningekuwa mimi bwana yule, mwavuli ningeutupa baharini. Msichana asemaye la moyoni mwake namvulia kofia."

"Hujavaa kofia."

"Nitanunua."

Huo ulikuwa mwaka ambao Mombasa nzima ilikuwa ikibishana mambo ya Mwambao, nani atawale nani uhuru ukija, na vijana hawakuwa na habari nyingine vinywani. Mwanasaumu habari yake ilikuwa moja. Alikuwa akisomea ualimu Changamwe, binti wa kwanza mtaani mwao kuvuka maji kila siku kwa ajili ya vitabu, na huko chuoni Mwalimu Milcah, mwanamke wa Kitaita mwenye miwani na viatu vya kamba, aliwapa wanafunzi wake riwaya za siku hizi. Zikamshtua Mwanasaumu hata akawa hana usingizi mzuri.

Ngano alizijua. Bibi yake, Bi Dhahabu, alimlea kwa ngano. Lakini katika ngano za bibi fisi husema, sungura hutenda, mfalme hukasirika, basi. Hakuna aliyewahi kusimamisha hadithi ili aeleze sungura anawaza nini peke yake anapokwenda kulala. Riwaya hizi zilikuwa zinaingia kichwani mwa mtu bila hodi, zinatoka na kila kitu: wivu wake, uongo wake, hata yale mawazo ambayo mtu akishawaza hutazama nyuma kuona kama kuna aliyemsikia.

"Sitaki mnisimulie hadithi," Mwalimu Milcah aliwaambia darasani. "Hadithi naijua. Nataka mniambie mliona nini ninyi wenyewe mlipoingizwa ndani ya kichwa cha mtu. Mwanasaumu."

Mwanasaumu akasimama. "Nilishtuka, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Tangu utotoni kuna mtu ndani yangu anayesema bila kunyamaza. Nikimwamkia jirani, yeye ndani yuamsengenya. Nikiswali, yuahesabu nguo za kufua. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilidhani ni aibu yangu, au shetani. Sasa nasoma kitabu kilichoandikwa na mtu asiyenijua, namkuta mtu yule yule. Basi leo kwenye feri nikawatazama watu wote wale nikaogopa. Kila mmoja ana wake ndani, anasema, wala hatusikii hata mmoja."

Mwalimu Milcah akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Mtu wa kwanza ambaye Mwanasaumu alitaka kumsimulia hayo alikuwa karani wa Kipevu.

Akamsimulia, feri ya jioni hiyo hiyo, na ya kesho yake, na za siku nyingi baada ya hapo. Walisimama mbali kidogo, kama watu wawili ambao kila mmoja yuko na safari yake, wakazungumza wakitazama mbele.

"Haya, mwanachuo. Sasa hivi mimi nawaza nini?"

"Wawaza mahamri."

"Wallahi umejua. Na wewe?"

"Yangu hayasomeki. Kitabu kimefungwa."

"Nitasubiri kifunguliwe."

"Utasubiri sana."

Likoni palikuwa na duka la Mhindi lenye simu ya kuzungusha, na siku za mapumziko ya chuo Mwanasaumu alipenda sana kutumwa dukani.

"Ofisi ya mizigo, Kipevu," Mwidani alijibu kwa sauti yake ya kazi.

"Nina mzigo wangu hapo, umechelewa kushuka."

"Mzigo gani, bibi?"

"Mrefu. Una kalamu mbili."

Upande wa pili palisikika kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. "Mzigo huo umeshuka, laazizi, na umeandikwa jina lako. Mjomba wangu atakuja kwenu kuulipia ushuru."

Mwanasaumu alirudi nyumbani bila mafuta ya taa aliyotumwa.

Mjomba alikuja kweli. Alikuwa Mzee Matano, kaka wa mama yake Mwidani, mtu wa kanzu safi na neno zito. Alikuja na wazee wenziwe wawili na shangazi za kijana, na siniya la halua na tambuu limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Wanaume wakakaa sebuleni na Mzee Boga, baba wa binti. Wanawake wakaingia ndani, pazia likashushwa, na nyuma ya pazia Mwanasaumu akaketishwa mkekani, kanga mpya begani, udi umefukizwa hata macho yanamwasha.

Bi Dhahabu alikuwa amekwisha kumfunda. "Baba yako atakuuliza mara tatu. Wewe tazama chini, nyamaza. Mwali hajibu. Kimya chake ndiyo radhi yake. Anayetaka kukataa ndiye hufungua mdomo."

"Na anayetaka kukubali kwa mdomo?"

"Hajazaliwa," bibi akasema.

Sauti ya Mzee Boga ikaja kutoka sebuleni. "Mwanangu Mwanasaumu. Bwana Matano ametuletea posa ya mpwa wake, Mwidani. Mimi babako sina neno. Wewe wasemaje?"

Mwanasaumu akatazama chini, akanyamaza. Moyo ulimdunda kwa furaha. Akaulizwa tena, akanyamaza tena, shangazi za kijana wakaanza kutabasamu na kupeana bega. Ndipo akamkumbuka Mwanarehema, binti wa ami yake, aliyeketi mkeka huu huu mwaka uliopita. Mwanarehema naye alitazama chini akanyamaza, na wazee wakasema karidhia, na vigelegele vikapigwa. Baadaye, siku moja wakiteka maji, alimwambia Mwanasaumu, "Mimi sikunyamaza kwa haya. Nilikuwa sina pumzi." Ilikuwa imeshapita, ameshaolewa na mtu ambaye akiingia mlangoni yeye hutoka uani.

Vimya viwili, Mwanasaumu akawaza, na kwa huyo aliyekaa nje ya pazia ni kimya kimoja. Hapa hapana mwandishi wa kuingia ndani na kueleza. Changu watu watajuaje kwamba ni cha furaha?

"Mara ya tatu nakuuliza, mwanangu. Wasemaje?"

"Nimeridhika, baba," Mwanasaumu akasema, kwa sauti safi iliyofika hadi barazani. "Namtaka Mwidani. Nilimtaka kabla posa haijaletwa, na nilikuwa nikiomba iletwe."

Bi Dhahabu akaziba mdomo kwa kanga, wa kwake, kana kwamba ni yeye aliyesema. Shangazi mkubwa akaacha kutafuna tambuu. Sebuleni kikombe kiligonga sahani, kisha ikasikika kanzu ya mtu anayeinuka.

"Bwana Boga," Mzee Matano akasema polepole, "nimeposa wasichana wengi kwa ajili ya watu. Sijapata kusikia mwali akasema namtaka. Amemtakia wapi? Wamejuana wapi?"

"Bwana Matano, kaa kwanza unywe kahawa."

"Nikaulize kwetu kwanza. Kahawa haitakimbia."

Siniya likaondoka na halua yake haijaguswa. Mzee Boga, mtu mpole ambaye hakuwahi kumfokea hata mbuzi, alisimama mbele ya pazia bila kulifungua. "Chuo huendi tena mpaka nijue umenifanya nini," akasema. Wala hakungoja jibu.

Mwanasaumu alikuwa ameduwaa. Alijua kwamba amesema jambo kubwa. Hakujua kwamba neno la ndiyo laweza kuvunja posa iliyokuja kutafuta ndiyo. Alijiliwaza kwa kitu kimoja tu: Mwidani ataelewa. Mtu aliyetaka kuutupa mwavuli wa watu baharini hatashindwa kuelewa. Kesho yake alipotumwa chumvi alikwenda moja kwa moja kwenye simu.

"Ofisi ya mizigo."

"Mwidani, ni mimi."

"Kwa nini ulisema?" Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kigeni. "Ilikuwa ni kunyamaza tu, Mwanasaumu. Kunyamaza kidogo tu, saa hii tungekuwa twapanga harusi."

"Si wewe uliyesema msichana asemaye la moyoni wamvulia kofia?"

"Nilisema juu ya kitabu."

Mwanasaumu akaibana simu sikioni. "Haya. Mjomba wako alikwambia nini?"

"Aliniuliza kama nimekugusa."

"Nawe ukamjibu nini?"

Waya ulikuwa ukivuma. Nyuma ya Mwidani paligongwa mhuri, na mtu akaita jina la meli.

"Mwidani. Ukamjibu nini?"

"Nilishtuka," akasema hatimaye. "Sikuweza kusema kitu. Nilinyamaza."

Mwanasaumu akashika meza ya Mhindi. Haikuhitaji mwalimu wala miwani. Mjomba aliuliza, kijana akanyamaza, na katika nchi hii kila mtu ajua kimya maana yake nini.

"Mimi nilisema, posa ikavunjika," akamwambia. "Wewe umenyamaza, umenivunja mimi. Wajua watasema nini juu yangu?"

"Nitaongea naye, roho yangu, nitafute wakati..."

"Wakati ulikuwa ni ule." Akaweka simu, akanunua chumvi, akalia njia nzima chini ya buibui.

Habari ziliwahi kufika kabla yake. Mwenye ubao wa maandazi ambaye kila siku humwita "mwalimu wetu" alijifanya anatafuta kijiko. Wiki hiyo wanawake wawili waliokuwa wakija kusuka ukili na Bi Dhahabu hawakuja. Mzee Boga alikula kwa kutazama ukuta. Chuoni, Mwalimu Milcah alituma salamu kuuliza kama Mwanasaumu ni mgonjwa, na Mzee Boga akajibu kuwa ni mgonjwa.

Alasiri moja Mwanasaumu na bibi walikuwa wamekaa uani, ukili mikononi, hawasemi. Mwanasaumu akauliza, bila kuinua macho, "Bibi, wewe ulipoulizwa ulifanya nini?"

"Nilinyamaza. Nina adabu."

"Ulikuwa wawaza nini?"

Vidole vya Bi Dhahabu vikasimama. Akainua uso, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua.

"Tangu siku ile," akasema, "hajapata kuniuliza mtu."

"Mimi nakuuliza."

"Nilikuwa namuwaza mwengine." Akashtuka kwa kujisikia. Akatazama mlangoni, halafu akaendelea, kwa sauti ndogo. "Alikuwa mwenye shamba jirani na letu. Babu yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, nimemzalia na nimemzika. Lakini niliponyamaza nilikuwa nangoja mtu aseme, huyu hajaridhika. Nikasikia vigelegele. Nami nikasema, basi, kumbe nimekubali."

Mwanasaumu akaacha ukili, akamshika mkono. Bibi aliutoa mkono wake, akainuka, akajitanda kanga, akaenda kumtafuta mwanawe Boga. Walikaa chumbani mlango umefungwa, na Mzee Boga alipotoka alikwenda kuketi kizingitini, uso wake umebadilika rangi. Magharibi ilipoadhiniwa hakusikia hadi alipoitwa.

Ijumaa baada ya swala, Mwidani akaja. Kijana mwenyewe, kwa miguu yake, kwa wakwe ambao hawajawa wakwe: jambo ambalo halifanywi. Alivaa kanzu na kofia mpya iliyodariziwa vito vya uzi, na nyuma yake alikuja Mzee Matano na wale wazee wawili, nyuso zimekunjwa. Mwanasaumu aliitwa, akakaa nyuma ya pazia na bibi na shangazi za kijana waliokuja kuona mwisho wake.

"Mzee Boga, shikamoo," Mwidani akasema. "Sikuja na siniya. Nimekuja kusema. Mjomba aliniuliza kama nimemgusa binti yako, nikanyamaza. Akaelewa kama ambavyo angeelewa mtu yeyote. Wallahi sijamgusa hata kidole. Tulizungumza kwenye feri, mbele za watu, na hatukuzungumza lililo baya."

"Kwa nini basi ulinyamaza?" Mzee Boga akauliza.

"Nilishtuka, mzee. Niliwaza wenzangu ofisini watanicheka. Nikamuwaza mama. Halafu nikawaza jambo ambalo linanitia haya hata leo." Akaigusa kofia yake. "Nikawaza, kama amethubutu kunena vile juu yangu, je, amewahi kunena vile juu ya nani mwengine? Wazo hilo sikulifukuza. Nilikaa nalo. Na nilipokuwa nimekaa nalo, mjomba akachukua kimya changu akaondoka nacho."

"Hilo la mwisho halikuwa na haja ya kusemwa," Mzee Matano akanong'ona.

"Lina haja, mjomba. Akinikubali, anikubali akilijua."

Mwanasaumu alihisi uso wake umepoa kama uliomwagiwa maji. Alikuwa ametamani sana kusikia yaliyomo ndani ya mtu. Sasa ameyasikia, ya mtu anayempenda, na ndani mle amejikuta yeye mwenyewe anatiliwa shaka. Kitabuni angefunua ukurasa. Hapa hapakuwa na ukurasa, palikuwa na pazia, na ng'ambo ya pazia mwanamume anayepumua kwa nguvu.

"Mwanangu," Mzee Boga akasema, "umesikia yote. Mtu huyu bado yuakutaka. Wasemaje?"

Mwanasaumu akanyamaza.

Akaulizwa tena. Akanyamaza. Shangazi mkubwa akapumua kwa raha, akasema chinichini, sasa amefundika, akalowesha midomo tayari kwa kigelegele.

"Bado," Mzee Boga akasema, na sauti yake ilikuwa kali. "Asipige mtu kigelegele. Mwanangu, siku ile nilikasirika kwa kuwa ulisema. Leo nakuomba useme. Mama yangu amenieleza jambo lake, na tangu hapo kimya cha mtu chanitia hofu."

Bi Dhahabu alikuwa akitazama mkeka. Mwanasaumu akavuta pumzi.

"Mwidani."

"Nipo."

"Nimekusikia, na nimeumia. Niliponyamaza sasa hivi nilikuwa natafuta neno la kukukataa, neno ambalo ungelikumbuka mpaka uzeeni. Nilikuwa nimelipata."

Sebuleni mtu akakohoa. Mwidani, asije akanyamaza tena, akasema upesi, "Naogopa. Endelea."

"Nililiacha. Niliona wewe ungeweza kuapa kuwa hujanigusa, ukaishia hapo, ukapewa mke kwa heshima. Hakuna aliyekulazimisha kutoa lile wazo baya. Umelitoa mbele ya mjombako na baba yangu, ukijua laweza kukukosesha. Nakutaka, Mwidani. Bado nina uchungu, na nakutaka. Lakini chuo nitamaliza. Na siku utakaponiwazia vibaya tena, usinyamaze ukawaachia watu wakujibie. Njoo kwangu kwanza."

"Nitakuja. Na huenda utaumia."

"Nitaumia. Nami nitakujibu."

Mzee Boga akainua kichwa. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Bwana Matano, jibu umelisikia?"

"Nimelisikia," Mzee Matano akasema, akivuta kikombe cha kahawa upande wake. "Likoni nzima imelisikia."

Ndipo Bi Dhahabu akapiga kigelegele, yeye mwenyewe wa kwanza.